Maji ya Septemba: Safari ya Kuelekea Masieda

Barabara inayotoka Babati kupitia Dareda hupanda ukuta wa Bonde la Ufa mpaka Bashnet, na yeyote anayeipita akiwa na swali la umeme kichwani hawezi kuitazama kama mandhari tu. Katika mwendo mfupi gari hupanda mamia ya mita. Juu ya ukingo umelala msitu wa Nou, kati ya Babati na Mbulu, unaonasa ukungu na mvua na kuzitoa taratibu kwenye vijito vinavyoshuka bondeni. Maji yanayodondoka kutoka juu hubeba kazi ndani yake, na hesabu ya kazi hiyo ni nyepesi kiasi kwamba mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuifanya: zidisha lita zinazopita kwa sekunde kwa mita za mwanguko, kisha zidisha kwa 9.81, utapata wati zilizomo ndani ya maji. Mtambo mdogo uliotengenezwa kwa uangalifu utakutolea karibu nusu yake. Lita 10 kwa sekunde, yaani nusu ya ndoo kubwa, zikianguka mita 30, zina wati 2,900 na ushei. Ukizipitisha kwenye bomba, turbini na jenereta, utabaki na kilowati 1.5 hivi. Kwa hesabu hiyo, ukuta wote wa Bonde la Ufa, kuanzia Magara hadi Dareda, unaonekana kama ghala la umeme ambalo halijafunguliwa.

Lakini safari yangu haikuishia ukingoni. Masieda ni kata ya Wilaya ya Mbulu, na kuifikia ni lazima uuache ukuta nyuma, upite nyanda za juu za Dongobesh, uingie katika nchi ya vilima vya mviringo na mabonde mapana. Huku mwanguko hautokei wenyewe, unatafutwa. Mvua nayo hupungua kadiri unavyosogea magharibi, kuelekea bonde la Yaeda na Ziwa Eyasi. Msimu wa mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Mei, kisha hufuata miezi mitano ambayo mbingu hazitoi kitu. Mtu aliyeviona vijito hivi Machi, vimejaa, vina rangi ya udongo na kelele, anaweza kuandika andiko zuri la mradi jioni hiyohiyo. Akirudi mwishoni mwa Septemba atakuta baadhi yake ni njia ya mchanga. Hapo ndipo hoja yangu ilipo: umeme mdogo wa maji unaweza kuwafaa watu wa kipato kidogo wa Masieda na kata zinazofanana nayo, ila tu ukipimwa kwa maji ya Septemba, ukajengwa kwa ukubwa wa maji hayo, na ukawekwa mikononi mwa watu walio na sauti juu ya chanzo chenyewe. Mradi unaoanza kwa kununua mashine umeanzia mwisho.

Kwanza, kwa nini tuhangaike na kilowati 1.5 wakati taifa limejenga Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye mashine tisa na uwezo wa megawati 2,115? Swali hili ni la haki, na jibu lake linaonekana njiani. Wairaqw, wenyeji wa Mbulu, hawajengi kijiji kwa kubanana. Kila boma hukaa katikati ya shamba lake, na kati ya jirani na jirani pana mahindi, maharage, mbaazi na malisho. Ni mpangilio wenye busara kwa mkulima anayefuga, kwani samadi iko karibu na shamba na ng'ombe wako karibu na macho. Kwa mhandisi wa umeme ni mzigo. Nguzo hufuata barabara, shule, zahanati na mashine za kusaga, kisha hukoma. Serikali kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, REA, imefanya kazi ambayo miaka 20 iliyopita ilionekana kama ndoto: karibu vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na gridi. Hata hivyo kijiji kufikiwa ni jambo moja na nyumba kuwaka ni jingine. Utafiti wa taifa wa matumizi ya nishati wa 2019/20 ulikuta kaya za vijijini zilizounganishwa na umeme wa aina yoyote ni asilimia 24.5, kutoka 16.9 mwaka 2016. Vitongoji ni zaidi ya 64,000, na kazi kubwa iliyobaki iko huko. Gharama ya kuunganishiwa vijijini imeshushwa hadi shilingi 27,000, jambo jema sana, lakini bei hiyo inamfaa aliye karibu na nguzo. Aliye kilomita tatu nje ya laini hana la kulipia.

Mtu huyo wa kilomita tatu ndiye ninayemzungumzia. Mahitaji yake ya kwanza si makubwa. Taa tatu za LED za wati 5, simu moja kwenye chaji na redio hazifiki wati 25. Kilowati 1.5 ikigawiwa kwa kaya 60 inatoa wati 25 kwa kila moja. Katika saa 24 ni uniti 36 kwa kaya zote, au uniti 18 kwa mwezi kwa kaya moja, kiasi kilicho chini sana ya uniti 75 ambazo TANESCO imeziweka kuwa kikomo cha mteja mdogo. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi kwa sababu ndani yake kuna badiliko ambalo mipango mingi ya zamani haikulijua. Wati 25 wakati wa balbu za nyuzi ilikuwa mwanga hafifu katika chumba kimoja. Leo ni nyumba nzima. Kijito hakijaongezeka hata tone. Taa ndiyo iliyopungua ulaji, na kijito kilichoonekana hakifai mwaka 1990 leo kinaweza kufaa.

Ushahidi wa karibu uko kwa majirani zetu wa Kirinyaga, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Huko Kathamba, mwanzoni mwa miaka ya 2000, lita 8.4 kwa sekunde ziliangushwa mita 28 kwenye turbini ndogo ya Pelton, zikatoa kilowati 1.1 kwa ajili ya kaya 65. Huko Thima, lita 28 ziliangushwa mita 18 tu, zikazungusha pampu ya kawaida ya maji iliyogeuzwa ikawa turbini, zikatoa kilowati 2.2 kwa kaya 110. Ukigawa, utapata wati 17 kwa kaya upande mmoja na 20 upande wa pili. Watu wale walipata mwanga kwa kiasi hicho kabla LED hazijawa rahisi. Jambo la Thima linanivutia zaidi, kwa sababu pampu inapatikana katika maduka ya zana za kilimo, fundi wa pampu yupo katika kila mji mkubwa, na kipuri hakisubiri meli. Kwa mahali kama Masieda hilo ni kubwa kuliko ufanisi wa asilimia chache unaopotea pampu inapogeuzwa. Tungu-Kabiri, pia nchini Kenya, ilikwenda njia nyingine: mtambo wa kilowati 18 uliojengwa kwa nguvu za kaya zipatazo 200, umeme ukaelekezwa kwenye biashara ndogondogo za kituo kimoja badala ya kutandazwa kila nyumba. Mazingira yao yana mvua kuliko Mbulu magharibi, nalikubali hilo. Kwa sababu hiyohiyo siazimi ukubwa wao; naazima namna yao ya kuanza na maji yaliyopo.

Turudi basi kwenye Septemba. Tuseme kijito fulani kina lita 10 kwa sekunde mwezi wa Mei, na mwishoni mwa kiangazi kimebaki na lita 2.5. Mtu mwenye haraka atasema hakifai. Lakini Waasu wa milima ya Upare wamejua kwa vizazi vingi jinsi ya kukabiliana na kijito chembamba: wanajenga ndiva, bwawa dogo linalokusanya maji usiku ili yafunguliwe mashambani asubuhi kwa nguvu. Kwa umeme tunaigeuza saa ya ndiva. Lita 2.5 kwa sekunde zikikusanywa mchana kutwa na usiku kucha ni lita 216,000 kwa siku. Zikifunguliwa kwa saa tano tu, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 5 usiku, zinatoka lita 12 kwa sekunde, yaani zaidi ya zile za Mei. Ukitoa zinazopenya ardhini na zinazokauka kwa jua, bado unazo 10. Bwawa linalohitajika ni la mita za ujazo kama 180: mita 12 kwa 10, kina mita moja na nusu. Hilo linachimbwa kwa majembe. Kiangazi hakutakuwa na umeme wa mchana, na waambiwe hivyo mapema, ila taa za jioni zitawaka mwezi ule ambao kila mtu alidhani zitazimika.

Hapa mwenzangu wa upande wa jua ataniuliza: kwa nini usinunue paneli, ukaachana na mabomba? Ni pingamizi lenye nguvu kuliko yote, na miaka kumi iliyopita halikuwa na nguvu hii. Paneli zimeshuka bei mno, taa za jua zinauzwa hadi kwenye minada ya vijijini, na nyumba iliyo peke yake juu ya kilima, mbali na kijito chochote, haina sababu ya kungoja maji. Kwa nyumba ile, jua limeshinda, na anayebisha anawachelewesha watu. Lakini uniti 36 kwa siku, mchana na usiku, kwa njia ya jua zinahitaji paneli za kilowati 8 hadi 10 pamoja na betri za kuhifadhi umeme wa usiku wote, na betri ndicho kifaa kinachokufa kwanza na kuuma zaidi mfukoni. Bomba la maji likizikwa vizuri hudumu miaka mingi. Turbini hudai beringi na mkanda. Tena vyanzo hivi viwili havigombani. Nyanda za Mbulu hufunikwa na mawingu miezi ileile ambayo vijito vimejaa, na huwa na anga safi miezi ile vimepungua. Zahanati iliyo na paneli juu ya paa na waya kutoka kwenye mtambo wa kijito itakuwa na friji ya chanjo inayofanya kazi Aprili na Oktoba. Mahali penye kijito kisichokauka kabisa na kaya 40 au 60 ndani ya kilomita moja au mbili, maji yana haki ya kupimwa kwanza. Pasipo na hayo mawili, nunua jua.

Kuna jambo ambalo kilowati 1.5 haiwezi, na ni vibaya kulificha. Haiwezi kuendesha mashine ya kusaga ya kijiji. Mota ya mashine ya kawaida hudai kilowati 7.5 au zaidi, nayo ndiyo kazi ambayo akina mama huitaja wanapoulizwa umeme uwasaidie nini, kwa sababu kubeba debe la mahindi hadi kwenye mashine ya dizeli na kurudi ni nusu siku. Kwa mwanguko wa mita 30, kilowati 7.5 inataka lita 50 kwa sekunde, maji ambayo vijito vingi vya nchi hii havina nje ya masika. Panapopatikana mwanguko wa mita 150, kama kwenye ukuta wa Dareda, lita 10 hizohizo zinatosha. Kwa hiyo ramani ya Mkoa wa Manyara inajigawa yenyewe: ukingoni, mitambo ya kusaga na kuchomelea; nyanda za ndani, mitambo ya taa, simu, kinyozi na friji ya zahanati. Anayewaahidi watu wa Masieda mashine ya kusaga bila kupima kijito anawaibia imani, na imani ikishaibwa, mradi wa pili hata ukiwa wa kweli hautapata mtu wa kuchimba mtaro.

Pingamizi jingine linahusu maji yenyewe. Mbulu ni nchi ya wakulima wa vitunguu swaumu na vitunguu maji, ya wafugaji wa Kiiraqw na Kidatoga, na kiangazi kila lita ina mwenyewe. Ni kweli kwamba turbini haili maji. Yanayoingia juu ndiyo yanayotoka chini. Lakini kati ya banio na mtambo kuna kipande cha kijito kinachorukwa, na kama mifugo hunywa hapo, umeme umewanyima maji. Banio lazima liwekwe mahali ambapo kipande hicho hakina wanywaji, au liachie maji ya kutosha kupita. Na maji yakishatoka kwenye turbini yaelekezwe kwenye mifereji ya bustani. Utaratibu wa ndiva unasaidia pia hapa: bustani zikipangwa kumwagiliwa jioni na usiku, chini ya mtambo, maji yaleyale yanafanya kazi mbili. Sheria inalitambua jambo hili. Kibali cha kutumia maji hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, yenye makao Singida, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na kibali hicho si karatasi ya kusumbua watu. Ndicho kinachomzuia mwekezaji wa kesho kuweka banio juu ya lenu.

Lililo juu zaidi ya banio ni udongo na miti. Mbulu imehangaika na mmomonyoko tangu enzi za ukoloni, na kule Kainam wazee wa Kiiraqw walijulikana kwa matuta na samadi zao kabla ya ofisa yeyote wa kilimo kufika. Mmomonyoko huohuo ndio unaojaza bwawa mchanga na kula mabawa ya turbini. Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang viliporomokea Katesh na vijiji vya jirani, vikaua watu zaidi ya 80. Sitaki kulitumia janga lile kama mfano wa ufundi tu, kwa kuwa familia zile bado zinaomboleza. Nalitaja kwa sababu linaonyesha mteremko wa nchi hii una uwezo wa kufanya nini, na banio linalojengwa kwenye mkondo bila njia ya kupitisha mafuriko ni hatari kwa walio chini. Usimamizi shirikishi uliowahi kufanyika katika msitu wa Nou, vijiji vikipewa sehemu katika ulinzi na mapato ya msitu, ulionyesha kwamba watu hulinda kinachowarudishia kitu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza kulima ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo, na kila mtu anajua jinsi inavyovunjwa. Naamini kaya 60 ambazo taa zao hufifia pale mtu mmoja anapolima ukingoni mwa kijito zitailinda mita 60 vizuri kuliko bango. Ni imani yenye sababu: madhara yanaonekana jioni ileile, nyumbani kwa kila mmoja.

Wapo wanaosema jumuiya za vijijini haziwezi kuendesha mitambo, nao wana mifano ya pampu zilizokufa kuwathibitishia. Lakini huko Ludewa, mkoani Njombe, watumiaji wa umeme wa Mawengi, Lupande na Madunda waliunda LUMAMA, chombo chao wenyewe, kuendesha mtambo wa maji wa kilowati 300 ulioanzishwa kwa msaada wa shirika la Italia la ACRA. Mufindi, mtambo wa Mwenga wa megawati 4 uliowashwa 2012 unahudumia viwanda vya chai na vijiji, na ziada inauzwa TANESCO. Hiyo ni mikubwa mno ukilinganisha na kijito cha Masieda, na ukubwa wake ndio unaoiwezesha kuajiri mafundi. Mtambo wa kilowati 1.5 hauwezi kumlipa fundi wa kudumu. Unaweza kumlipa kijana mmoja posho ya kusafisha chujio kila asubuhi, na kuweka akiba ya beringi, ikiwa kila kaya inalipa kwa idadi ya taa badala ya kununuliwa mita ambayo bei yake inazidi matumizi ya mwaka. Kila nyumba iwe na kikata umeme kinachojizima wati zikizidi, maana pasi moja ya wati 1,000 itaziweka gizani nyumba 40 za majirani. Mafunzo hayako mbali: Chuo cha Ufundi Arusha kina kituo chake Kikuletwa, kwenye mtambo wa zamani wa maji, na vijana wawili kutoka kila kijito wanaweza kupelekwa huko kabla bomba halijanunuliwa.

Na gridi ikifika? Itafika, na ni vyema ifike. Kanuni za EWURA kuhusu wazalishaji wadogo zimeuruhusu mtambo ulio chini ya megawati 1 kufanya kazi kwa usajili badala ya leseni kamili, na zimeweka njia kwa mtambo mdogo kuungana na gridi inapofika. Kwa kilowati 1.5 kuuza umeme TANESCO hakuna maana. Lakini waya wa ndani ya nyumba, soketi, nguzo fupi na mazoea ya kulipa kila mwezi vitakuwa vimeshakuwapo, na mara nyingi ni gharama ya waya wa ndani inayoifanya nyumba iliyo chini ya laini ya umeme ibaki na tochi. Ndiyo maana waya wa nyumba hizi ufungwe tangu siku ya kwanza kwa kiwango ambacho mkaguzi wa TANESCO atakikubali, hata kama unaonekana mnene kupita kiasi kwa taa tatu.

Gharama ya kuanza ni ndogo kuliko semina moja ya wadau. Inahitajika ndoo, saa, kamba ya kupimia mwanguko na ubao wenye mkato wa pembetatu wa kuziba kijito, unaoonyesha kina cha maji yanayopita. Shule ya msingi iliyo karibu na kijito inaweza kuchukua kipimo kila Ijumaa, kuanzia Julai hadi mvua za kwanza za Novemba, na kukiandika katika daftari linalotunzwa na mtendaji wa kijiji. Kipimo cha mwaka mmoja kinaweza kudanganya, kwani mwaka wa mvua nyingi huacha kijito kimenenepa. Viangazi viwili ni bora, vitatu ni bora zaidi, na katika muda huo kaya zinaanza kuweka akiba na kukubaliana bwawa litakaa shambani kwa nani. Vijito vitakavyoshindwa mtihani huo viachiwe ng'ombe na bustani, na kaya zake zipelekewe paneli bila kungojeshwa. Vitakavyofaulu vichimbiwe mtaro.